Akina Fauvrelle Wamebaki Saba

Kaka yangu Anselme hajui umri wangu, na siku yangu ya kuzaliwa huikumbuka wiki moja baadaye. Lakini muulize akina Fauvrelle wako wangapi Ufaransa nzima, atakujibu kabla hujafunga mdomo. Saba. Yeye, mimi, binti yangu Clémence, shangazi yetu aliye kwenye nyumba ya wazee, na binamu zetu watatu wa Roanne ambao hawakuoa wala kuolewa, mmoja wao mtawa. Ametafuta kwenye takwimu za serikali na kwenye vitabu vya zamani vya simu, ameandika barua mpaka Kanada. Orodha ameibandika kwenye mlango wa jokofu lake, na mmoja wetu akifa hupigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Ukienda kuchukua siagi unakutana na jina lako na unajiona uko kwenye foleni.

Kati ya hao saba, Clémence peke yake ndiye aliye na umri wa kuzaa. Kwa hiyo alipotuambia mwezi wa Februari kwamba ana mimba, Anselme, ambaye hakutoa chozi kwenye mazishi ya baba yetu, alilia. Kisha akafuta macho akauliza baba wa mtoto anaitwa nani. Loïc, akajibiwa. Loïc nani? Loïc Martin. Kaka yangu akavuta kiti akakaa. Akina Martin nchini hapa hawahesabiki. Kijijini kwetu tu zipo familia nne na hazina undugu wowote.

Siku hizi wazazi wanaweza kuchagua mtoto achukue jina la baba au la mama, ni kutia saini karatasi moja tu kwenye ofisi ya meya. Hilo nalijua barabara, maana nilikuwa katibu wa ofisi hiyo hapa Saint-Aubry kwa miaka thelathini na miwili. Loïc hakuwa na neno, alisema mtoto aitwe vyovyote mradi awe mzima. Aliyeweka ngumu ni binti yangu mwenyewe.

"Mjomba, nimpe mwanangu jina nisilojua hata limetoka wapi?"

"Limetoka kwenye ngome," akasema Anselme. "Mara ngapi nimekuambia?"

Kuhusu ngome hiyo, tumeisikia tangu utotoni. Juu ya kilima, nyuma ya bwawa, kuna mawe fulani yamelala kwenye vichaka, na kwa Anselme mawe hayo ni ngome ya shujaa Fauvrelle aliyekwenda kupigana vita vya msalaba. Ushahidi wake upo kwenye kopo la biskuti: rozari ya mke wa shujaa. Ni shanga nyeupe za mfupa, zenye umbo la zeituni, na medali ya fedha iliyochakaa sura, yenye namba 2214. Namba hiyo, alidai, ni ya shujaa huyo jeshini. Mimi sikuwahi kuamini sana, na sikuwahi kubisha pia. Kubishana na Anselme ni kibarua cha kutwa nzima, na mimi nina bustani.

Clémence akamwekea sharti. Alete karatasi, si mawe, kabla mtoto hajazaliwa Oktoba. Akionyeshwa jina limetoka kwa nani, atatia saini. Asipoonyeshwa, mtoto atakuwa Martin, na orodha ya jokofu itaishia hapo.

Mwezi wa Juni nikampakia kaka kwenye gari na kopo lake mapajani, tukaenda Nevers kwenye hifadhi ya nyaraka. Alikuwa amevaa tai. Mama aliyetupokea aliiangalia ile rozari pale pale mezani, wala hakuhitaji miwani.

"Hii si rozari, bwana. Ni mkufu wa mtoto wa Paris."

Watoto wa Paris kila mtu wa Morvan, milima yetu hii, anawajua. Hakuna nyumba huku ambayo bibi yake hakuwanyonyesha. Walikuwa watoto waliotupwa Paris, wakaletwa kwetu kwa mikokoteni, wakawekwa kwenye matiti ya wanawake wetu kwa malipo ya kila mwezi. Nilichokuwa sijui ni habari ya mkufu. Yule mama akaeleza kwamba kila mtoto alivishwa wa kwake na uzi ukafungwa kwa kipande cha madini ya risasi kilichogongwa muhuri, ili mlezi asije akabadilisha mtoto mmoja kwa mwingine. Ulikatwa akifika miaka sita. Akifa kabla ya hapo, ulirudishwa Paris. Namba ni ya mtoto, na kwa namba hiyo Paris wangeweza kumtafuta kwenye madaftari yao.

Njia nzima ya kurudi Anselme alishikilia kopo lake kwa mikono miwili. Tulipofika karibu na Château-Chinon akasema, "Basi sisi ni wa kuokotwa." Nikacheka, Mungu anisamehe. Nilikuwa sijui kicheko changu kitakuja kunirudi.

Barua ya Paris ilifika Julai. Niliifungua mimi jikoni kwangu, Anselme amesimama nyuma yangu akinipumulia shingoni. Mtoto namba 2214, wa kiume, aliachwa tarehe tisa Novemba 1858, mwenye umri wa siku moja, bila karatasi yoyote. Kwa kuwa hakuwa na jina, karani alimtungia: Jules Fauvrelle. Utaratibu ulitaka jina lisilo la familia yoyote inayojulikana, na karani huyo alitunga matano siku hiyo. Mtoto akapelekwa kwa mlezi Pierrette Guyollot, mjane, wa Saint-Aubry.

Mpaka hapo niliumia kwa ajili ya kaka, lakini nilielewa. Chini yake kulikuwa na mistari mitatu zaidi. Mtoto alifariki tarehe ishirini Februari 1859, katika hospitali ya mjini alikopelekwa na mlezi. Mkufu haujarudishwa; mlezi asema amezikwa nao. Malipo yamesimamishwa.

Nikairudia mara nne. Jules Fauvrelle ni baba yake babu yetu. Picha yake iko kwenye kabati la vyombo, masharubu mpaka masikioni. Alioa mwaka 1884, cheti cha ndoa nimekishika kwa mikono yangu, akazaa watoto wanne na akafa mzee. Na huo mkufu uliozikwa ulikuwa kwenye kopo la biskuti, mbele yangu, karibu na chupa ya siki.

"Amekufa vipi na sisi tupo?" akasema Anselme.

 Yeye alishikilia kwamba Paris wamekosea, kwamba Paris hukosea daima. Mimi niliangalia mikono yangu, hii mikono ya baba iliyojaa mishipa, nikawa najiuliza ni ya nani. Viazi viliungua jikoni na sikusikia harufu. Kwa wiki nzima nilikuwa naingia chumbani nikasahau nilichofuata. Mtu akiniita dukani, "Madamu Fauvrelle," nilichelewa kugeuka.

Mwishowe nikaenda ofisini kwa meya kumwomba katibu mpya funguo za kabati langu la zamani. Cheti cha kifo hakikuwepo, maana mtoto alifia mjini na hapa kijijini hakuna aliyepelekewa taarifa. Cha kuzaliwa hakikuwepo pia. Nikashusha daftari la kuhesabu watu la mwaka 1861, nikatafuta nyumba ya mjane Guyollot. Walikuwa watatu. Pierrette, miaka arobaini na mmoja. Reine, binti yake, miaka kumi na tisa. Jules Fauvrelle, mtoto wa Paris, miaka miwili.

Niliposoma Reine Guyollot nikaweka kidole juu ya jina nikalisoma tena. Jina hilo nalijua kuliko ninavyojua wimbo wa taifa. Kila siku ya Watakatifu Wote baba yetu alibeba vyungu viwili vya maua ya krisanthemamu makaburini: kimoja kwa kaburi letu, kingine kwa Reine Guyollot, karibu na ukuta. Ukimuuliza kwa nini, alisema babu alifanya hivyo. Tangu afariki nafanya mimi. Mimi ninayeuliza bei ya kila kitu sokoni, nimenunua chungu cha ziada miaka ishirini na sita kwa ajili ya mwanamke asiye ndugu yangu, na sikuwahi kuuliza ni nani.

Nikatoka moja kwa moja mpaka makaburini. Nilifuta kuvu kwa kitambaa changu cha kichwa. Chini ya jina la Reine palikuwa na herufi ndogo ambazo sikuwahi kuinama kuzisoma: jiwe hili limewekwa na J. F.

Basi nikakaa juu ya kaburi la jirani na mambo yakaanza kujipanga, kwa shida. Mjane mmoja. Binti wa miaka kumi na saba mwenye tumbo linalokua ndani ya sketi za majira ya baridi, katika kijiji ambacho hata leo watu huhesabu miezi kwa vidole. Na kwenye kitanda cha mtoto, kichanga wa Paris ambaye majirani wote wameona akiletwa. Kichanga anafia mjini, mlezi yuko peke yake. Anawaambia wakubwa wa Paris ukweli wote isipokuwa jambo moja, kisha anarudi kwa miguu na mkufu ndani ya aproni. Wiki hiyo au ile inayofuata Reine anajifungua. Nani angechungulia sura ya mtoto wa Paris ndani ya manguo ya Februari? Huku kwetu kila nyumba ilikuwa na mmoja. Ukitaka kumficha mjukuu wako, mvishe mkufu tu. Ule wetu hauna muhuri wa risasi. Uzi umefungwa fundo la mkono, fundo la mwanamke anayefunga haraka.

Na alimlea bila malipo, maana malipo yalikuwa yamesimamishwa. Hakufanya kwa ajili ya pesa.

Nilikumbuka jambo jingine pale, na hilo ndilo lililonitoa machozi. Mwaka 1988 nilirudi kutoka Dijon na Clémence kwenye kikapu na sina mume wa kumwonyesha mtu. Baba hakunisemesha mwezi mzima. Siku ya Watakatifu Wote akatoka na vyungu vyake viwili, akaniwekea kimoja mikononi bila neno, kile cha Reine. Nilidhani mkono unamuuma. Mpaka leo sijui kama alijua.

Jumapili niliwaeleza wote wawili, nyumbani kwa Anselme. Alikuwa amepika krapio, chapati zetu za mafuta ya nguruwe, na zilipoa zote. Clémence alisikiliza mkono juu ya tumbo. Kaka yangu hakunikatiza hata mara moja, na hilo pekee lilinitisha. Nilipomaliza alisukuma kopo la biskuti mbali naye.

"Usimpe, mwanangu," akamwambia Clémence. "Mpe Martin. Hili si letu. Tumelivaa tu."

Miezi mitano alikuwa ameusumbua ulimwengu kwa ajili ya jina hilo. Nikataka kumshika bega, lakini sisi hatuna tabia hiyo.

"Na yule mwenyewe?" akauliza Clémence.

"Mwenyewe nani?"

"Yule mtoto. Amezikwa wapi?"

Hakuna ajuaye. Shimo la maskini mjini, nilisema, ambako sasa kuna maegesho ya magari. Clémence akamgeukia Anselme.

"Kitu alichopewa duniani ni jina, Mjomba. Akakaa nalo miezi mitatu, sisi tukalichukua, na mkufu wake pia. Nilitaka kujua limetoka kwa nani, nimejua. Nampa mwanangu, na nitamwambia la nani."

Anselme alibisha. Mara ya kwanza maishani alibisha dhidi ya jina lake, na alishindwa. Jumanne Clémence na Loïc walitia saini, katibu mpya akagonga muhuri, na mimi nilisimama pembeni nikiwa sijui kama nimepata kitu au nimepoteza.

Solène alizaliwa tarehe kumi na nne Oktoba, mwekundu na mwenye hasira. Siku ya Watakatifu Wote nilinunua vyungu vitatu. Cha tatu, cha yule mtoto, alikibeba Anselme, akazunguka nacho makaburi yote, kila anapotaka kukiweka anakuta ni kwa mtu mwingine. Mwisho alikiweka kwa Reine, kando ya kile kingine, akakigeuza mara mbili ili maua yaangalie njia.

Tulirudi kwake kunywa kahawa. Nikaenda kuchukua maziwa, nikakuta orodha ya zamani haipo. Palikuwa na karatasi mpya, kwa mwandiko wake wa shule. Juu kabisa: Jules, miezi mitatu. Chini yake: Solène. Basi.

"Anselme, wako wawili tu hapa. Mimi niko wapi?"

"Wewe na mimi ni akina Guyollot," akasema, akakoroga kahawa yake. "Funga mlango wa jokofu, baridi inatoka."