Kitone Kiko Mtoni

Kabla ya kuvaa buti, mlinzi wa msitu alianza na simu. Ilikuwa simu ya ofisi, ya kufungwa mkononi kwa mkanda, nayo haikutakiwa kuzimwa tangu anaingia msituni hadi anatoka. Kila hatua yake ilionekana ofisini kwenye ramani kubwa, na yeye mwenyewe huko alikuwa kitone cha kijani. Wenzake wakambandika jina la Kitone, likamganda kama utomvu.

Siku hizo Kitone hakuwa na amani. Akishika doria bondeni, miti inaangushwa mlimani. Akipanda mlimani, visiki vibichi vinakutwa bondeni. Ilishatokea mara tatu. Jana yake Bwana Ramani, ofisa anayeshinda mbele ya kompyuta, alimwita akamwambia bila hata kumtazama kwamba ramani haidanganyi, mvivu ni mlinzi. Visiki vikionekana tena, arudishe buti na funguo za nyumba ya serikali. Miaka kumi na sita ya kazi, na watoto wanne ndani ya nyumba hiyo.

"Wanajuaje nilipo?" alimwuliza mkewe wakinywa chai.

"Anayekuona ni nani, baba watoto, kama si hao hao wa ofisini?"

Neno hilo Kitone alikuwa nalo moyoni wiki nzima, ila aliogopa kulitamka. Kikulacho ki nguoni mwako. Wakakubaliana mke aibebe simu, afuate njia ya mtoni kama doria ya kawaida, naye Kitone apande kitalu cha saba, kipande cha msitu kule mlimani, akajionee kwa macho yake. Alipomwuliza kama ataweza, mkewe alicheka akasema amebeba mimba nne, kisimu hicho kitamshinda?

Kitalu cha saba kilikuwa kimya, hata ndege hawakulia, na kimya hicho hakikumpendeza. Kengele ya shule ya ng'ambo ilipogongwa saa nne, ndipo msumeno wa mashine ulipowashwa. Hawakujificha. Walikuwa wanaume watano na lori, wametulia kama watu walio shambani kwao. Miti minne mikubwa ilipakwa rangi nyeupe, na yote ilikuwa bado imesimama. Kitone alimshukuru Mungu kwamba amewahi, akatoka kichakani akawaamuru wazime. Wakazima.

Mkubwa wao, aliyekaa juu ya dumu la mafuta, hakushtuka. Alitazama simu yake, akamtazama Kitone, akaitazama tena simu. Kisha akaigeuza ili naye aone. Ilikuwa ramani ileile ya ofisi, na kitone cha kijani kikitambaa kando ya mto.

"Wewe mbona uko mtoni?" alisema.

Hakuna aliyecheka. Mmoja alihamisha panga kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Kitone akatambua kwamba lolote litakalompata pale, ramani itaapa kuwa hakuwepo. Lakini kilichomkata maini hasa ni swali lililofuata, ambalo mkubwa aliliuliza kwa upole.

"Basi huko mtoni anatembea nani? Nina vijana wawili karibu na kivuko. Niwapigie wakaangalie?"

Kidole gumba chake kilikuwa tayari juu ya namba. Kitone aliona aibu, na hasira, na hofu iliyozizidi zote mbili. Yeye ndiye aliyemtuma mama watoto njia ile, peke yake.

"Usipige," alisema. "Ni mimi. Mimi niko mtoni."

"Na hapa?"

"Hapa sijafika."

Mkubwa akatia simu mfukoni, akawapungia wenzake mkono. Kitone hakuwa amefika hata kichakani msumeno ulipowaka tena.

Alimkuta mkewe nyumbani, mzima, anakamua maji kwenye kanga. Kitone alimshika bega. Mkewe akampa simu, akisema kuna ujumbe wa Bwana Ramani, uliingia ndiyo kwanza anafika mtoni. Kitone akausoma:

"Picha za setilaiti za leo zimeonyesha visiki vinne kitalu cha saba. Wewe ulikuwa mtoni. Kesho fika na buti na funguo."

Ulitumwa saa tatu na robo.

"Saa tatu miti ile ilikuwa imesimama," alisema Kitone.

"Waambie."

"Niwaambie nilikuwa wapi?"

Mkewe akaanika kanga kambani. Kitone akakaa kizingitini, akaanza kufungua kamba za buti.