Fyuzi za Trela la Verna

Hita ilianza kugoma Jumatano, siku ile baridi iliposhuka kutoka Kanada na kuyagandisha hata matope ya njia ya kambini. Verna Stroud alisimama katikati ya trela, koti mwilini, akisikiliza. Feni ya hita ilianza, ikazunguka kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati, ikasimama. Ikajaribu tena. Gesi haikuwaka.

"Mama, nimevaa soksi tatu," binti yake Kaylin alisema kutoka chini ya mablanketi. "Ya nne haiingii."

"Vua mbili basi, damu ipite."

"Hita imekufa?"

"Hita ni nzima. Umeme ndio unakuja nusu. Na aliyeuharibu namjua."

Kila Oktoba mama na binti waliivuta nyumba yao ya magurudumu kutoka Missouri hadi Minnesota, kwenye bonde la Red River, kwa msimu wa kuvuna viazisukari. Malori yaliingia mfululizo, mashine ikapanga viazi mlima mzima, na wao walisimama chini yake na majembe yao, wakiongoza malori na kukwangua udongo. Kampuni ya sukari iliwapa mahali pa kuegesha trela na umeme wa bure. Verna alikuwa na diploma ya chuo ya usimamizi wa ofisi, na kwa miaka mingi alikuwa amepanga safari za mabasi ya shule bila basi kuchelewa. Pale kambini, bomba la mtu likiganda au choo kikigoma, mlango wake ndio uliogongwa. Alisaidia kila mtu, na kila mtu aliondoka na msaada pamoja na karipio.

Jirani zake walikuwa Orrin Pickard, mzee mstaafu, na mkewe Luanne. Trela zao mbili zilichukua umeme kwenye boksi moja la nguzo. Jumatatu Verna alikuwa amemkuta Orrin amelifungua boksi lile, bisibisi mdomoni, akibadilisha breka, ile swichi inayokata umeme ukizidi, bila kumwambia Dwight, msimamizi wa kambi. Orrin alimpungia mkono. Verna hakupunga.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi, watu walipokusanyika bandani na vikombe vya kahawa kusikiliza habari za usalama kazini, Verna alinyoosha mkono.

"Dwight, kuna mtu amechezea boksi la umeme. Sasa kwangu umeme hautoshi hata kuzungusha feni."

Dwight aligeuka. "Orrin, ulilifungua?"

"Nilibadilisha breka. Ilikuwa inaruka kila Luanne akiwasha birika."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya birika."

Banda zima lilicheka. Verna hakucheka.

"Cheka tu, mzee. Binti yangu analala na koti kwa sababu ya ufundi wako wa kubahatisha. Wewe hufai kushika hata balbu."

Kicheko kilikatika. Orrin aliweka kikombe chake mezani taratibu. "Dada Verna, umepima lakini?"

"Sipimi kitu ninachokiona kwa macho."

Sheria ilikuwa sheria: aliyegusa boksi bila ruhusa alipoteza nafasi yake. Dwight hakuwa na pa kupindia. Mchana ule ule Orrin na Luanne walihamishiwa uwanja wa nyuma, upande wa upepo, kusikokuwa na nguzo ya umeme. Nafasi yao ikapewa vijana wawili, mume na mke, waliokuwa wamefika kutoka Oregon. Luanne alikuwa na kifua kibovu, na hita yake ndogo ya plagi ilikuwa ikiwaka kutwa. Gari lao lilipopita mbele ya dirisha la Verna, Luanne alikuwa anakohoa ndani ya skafu, uso ameuelekeza mbele.

"Angeweza kuomba ruhusa," Verna alisema.

Kaylin aliendelea kulitazama gari lile.

Dwight alifunga breka mpya. Hita ya Verna iliendelea kugoma.

Ijumaa kazi ilisimama, maana viazi vikishaganda havipangwi; vinaoza ndani ya mlima. Watu walibaki kwenye trela zao. Taa za Verna zilikuwa zimefifia zikawa na rangi ya chai ya jana, na ndipo, kwa hasira zaidi kuliko kwa busara, alipotoa mita ya kupimia umeme sandukuni ili akampelekee Dwight ushahidi.

Akapima soketi ya jikoni. Umeme ulikuwa kamili.

Akapima ya chumbani. Kamili.

Maikrowevu ilikuwa ikipasha chai yake moto kila asubuhi, Jumatano, Alhamisi na leo. Angeweza kujua kwa kikombe cha chai tu. Umeme wa nguzo ndio unaoendesha maikrowevu. Feni ya hita na taa vinakula betri, na betri inalishwa na chaja iliyoko chini ya jiko. Hayo Verna alikuwa amewafundisha watu wengine kambini, tena kwa sauti kubwa.

Akatoka nje, akapima betri iliyokuwa mbele ya trela. Karibu tupu. Betri mpya, ya wiki iliyopita, na hailishwi.

Hapo alikaa chini kwenye ngazi ya chuma, na baridi ya ngazi ikapenya suruali yake, wala hakuinuka. Alishajua.

Betri ile aliifunga mwenyewe njiani, kwenye kituo cha mafuta huko South Dakota, kwenye upepo, Kaylin akiwa dukani. Kwenye gari, waya mweusi ni hasi. Hilo hata mtoto anajua. Kwenye trela mweusi ni chanya, na hasi ni mweupe. Verna alijua hivyo pia, lakini mikono ilikuwa na haraka. Akaupeleka mweusi upande wa hasi. Cheche ikaruka, na mlio kama wa bisi moja sufuriani. Akageuza nyaya upesi, taa zikawaka, akatazama kama kuna aliyemwona, akafunga kifuniko cha betri. Hakumwambia mtu.

Alipovuta kifuniko cha chini ya jiko, fyuzi mbili kubwa, zile zinazoilinda chaja betri ikifungwa kinyume, zilikuwa zimeungua zote. Za akiba alikuwa nazo. Alizichomeka. Taa zikang'aa, na baada ya betri kunywa kidogo feni ikanguruma, moto ukashika, hewa ya moto ikamgusa vifundo vya miguu.

Kaylin alitoa kichwa kwenye mablanketi. "Umeweza! Ilikuwa nini?"

Angeweza kusema chaja. Angeweza kusema waya. Watu wangemsifu, kama kawaida.

"Fyuzi," alisema.

"Zimeunguzwa na nini?"

Verna aliendelea kufuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Na mimi. Nilifunga betri kinyume."

Kaylin aliketi. "Lini?"

"South Dakota."

"Kabla hatujafika hapa." Binti alimtazama mama yake, na Verna aliona aibu usoni mwa mtoto wake, aibu ya kuwa binti yake. "Basi Orrin hakufanya kitu."

"Alifungua boksi bila ruhusa."

"Mama."

"Najua. Najua, Kaylin. Vaa viatu. Anza kukunja mazulia ya nje."

Bandani watu walikuwa wanacheza karata. Verna alisimama mlangoni, uso ukimwaka kuliko hita, akasema yote: betri, waya, cheche, na kwamba aliificha. Alisema haraka, maana angesita asingemaliza.

"Fyuzi!" mtu mmoja alisema nyuma. "Ile diploma uliipata kama zawadi ndani ya boksi la nafaka ya asubuhi?"

Wakacheka kwa kishindo. Alisubiri wamalize. Kila aliyecheka alikuwa amewahi kukaripiwa naye.

Dwight alikuna shingo. "Nafasi ya Orrin imeshachukuliwa, Verna. Siwezi kuwafukuza wale vijana."

"Mpe yangu."

"Na wewe?"

"Uwanja wa nyuma."

Huko nyuma alimkuta Orrin anafunga mitungi ya gesi kwa kamba. Injini ya gari ilikuwa inanguruma.

"Mnaondoka?"

"Betri yetu ni ya zamani. Haimalizi usiku. Luanne hawezi."

"Haikuwa breka yako. Ni mimi. Niliunguza fyuzi zangu mwenyewe kabla hata sijakuona."

Orrin aliendelea na fundo lake. "Mbele ya watu ulisema nabahatisha."

"Mbele ya watu nimesema nilikosea."

"Wote?"

"Waliokuwa bandani. Waliobaki watasikia kabla ya chakula cha mchana. Mdomo wa Dwight hauna kufuli. Na nafasi yangu ya nguzoni ni yenu sasa."

Mzee alikaribia kutabasamu, akaacha. "Na hiyo nafasi yako, umetumwa au umeitoa?"

"Nimeitoa. Kaylin ameshaanza kukunja."

Kikohozi kilitoka ndani ya trela, kirefu. Verna alitazama chini mpaka kilipokwisha.

"Nani huyo?" Luanne aliuliza.

"Verna," Orrin alijibu.

"Mwambie aende zake."

"Anatupatia nafasi yake, Luanne. Yenye umeme."

Luanne alikohoa tena. "Ni jambo dogo alilofanya, kutoa nafasi?"

"Si dogo," Orrin alisema.

"Basi twende. Lakini asiniletee maneno."

Kabla giza halijaingia trela la Orrin lilikuwa limeegeshwa kwenye nguzo, na hita ndogo ya plagi ilikuwa inawaka nyekundu miguuni pa Luanne. Verna aliikagua kebo, akapanda ngazi, akasimama mlangoni. Maneno alikuwa ameyapanga njia nzima.

"Luanne, mimi..."

"Nilikusikia kule nje," Luanne alisema bila kugeuza kichwa. "Funga mlango. Joto linatoka."

Verna akaufunga. Akashuka, akatembea dhidi ya upepo hadi uwanja wa nyuma, ambako Kaylin alikuwa amepiga magoti kwenye barafu, akisukuma mbao chini ya magurudumu ili nyumba yao isimame sawa.