Goti la Mzee Klachi na Gia Nane

Mzee Klachi hakuwa mtu wa kupewa kitu akanyamaza. Ukimpa chai, atakuuliza sukari umeitoa wapi. Kwa hiyo siku binti yake kitinda mimba, yule anayeuza spea, alipoingia uani na gari jeusi la spoti la milango minne, pua imeinama kama paka anayenyatia panya, mzee hakumpa hata hongera. Alilizunguka, akachungulia uvunguni, kisha akauliza kwa nini anafunguliwa yeye mlango wa dereva.

Kilichomtia shaka alikijua mwenyewe. Goti lake la kushoto lilikuwa limemgeuka. Kila akikanyaga klachi lilimchoma kama sindano ya cherehani, na jioni lilivimba likawa boga. Alikuwa amewaficha watu wote wa nyumbani, kwani hukumu yake aliijua: wangemnyang'anya usukani. Na mtu aliyefundisha nusu ya mji kuendesha, hadi akabandikwa jina kwa kelele zake za "klachi, klachi", akikalishwa kiti cha nyuma kama gunia, amebaki na nini?

Binti akasema anamwachia gari hilo wiki moja, la mzee, lile la zamani, lipelekwe kupigwa rangi. Mzee akauona mtego mchana kweupe. Rangi ya nini, na gari lina kutu siku zote wala halijalalamika? Akamtupia jicho mkewe, aliyekuwa akikunja nguo kwa utulivu. Mama yule akitulia namna ile, ujue jambo limekwisha kuiva jikoni na yeye ndiye aliyelipika.

Wakapanda, mkewe nyuma, binti pembeni yake. Mzee akatazama miguuni, akaona pedali mbili. Akauliza ya tatu imeuzwa kwa nani. Binti akacheka, akaeleza kuwa klachi haihitajiki: gia ni nane, zinajibadilisha zenyewe upesi kuliko kufumba na kufumbua, na kwa kuwa ni nyingi, injini haichoki wala haili mafuta hovyo.

"Kinachofanya kazi yangu bila kuniuliza," mzee akasema, "mimi nakiita mwizi."

Wakaingia barabarani. Mzee akatega sikio asikie gia zikiingia, asisikie kitu. Namba kwenye dashibodi ilipanda, tatu, nne, tano, naye akaiona kama muuza nguo anayekwambia umependeza. Kufika njia panda, akapunguza mwendo, na mguu wa kushoto, bila kutumwa na mtu, ukaenda kutafuta klachi. Ukakuta pedali ya breki, pana kama kibao, ukaikandamiza kwa nguvu zote za maisha yake. Gari likasimama wima. Mkewe, aliyekuwa bado anautafuta mkanda, akafika katikati ya viti vya mbele na mkoba wake. Nyuma honi zikalia. Na kinywani mwa mzee, kabla hajaumeza, ukatoka mlio: mama wee.

"Nini hicho?" mkewe akauliza.

"Breki."

"Breki haisemi mama wee."

Mzee akadai gari ni bovu, breki zake kali mno. Mkewe akarudi kitini, akamwambia mguu wa kushoto aukunje nyuma ulale, leo hauna kibarua. Mzee akaukunja, ila neno "kushoto" likamkaa kooni. Alijuaje ni wa kushoto?

Mbele kukawa na mlima, na mlimani lori la matofali likijikokota. Mlima huo mzee alikuwa anaukwepa siku hizi, anazunguka kwa nyuma ya soko na kusingizia foleni. Leo hakuwa na pa kukwepea. Njia ilipokuwa nyeupe akakanyaga mafuta. Gia zikashuka zenyewe tatu kwa mpigo, injini ikanguruma, wakalipita lori hata mtikisiko hakuna. Kileleni zikapanda tena, kimya. Mzee akasubiri goti limchome. Halikumchoma. Akanusa kama kuna kinachoungua. Hakuna. Basi akageuza, akashuka, akaupanda upya, eti kuhakikisha. Wakalipita lori lile lile, na dereva wake akawapungia mkono kama jamaa.

Huko juu akaegesha, akazima gari.

"Nani amekwambia habari za goti langu?"

"Wewe," binti akajibu. "Si ulinifundisha kulisikiliza gari? La kwako siku hizi linasaga gia kila ukibadilisha. Klachi unaikanyaga nusu, baba. Wewe, wa kukanyaga nusu?"

Mzee akamgeukia mkewe. Mama akatazama dirishani, akasema miaka yote analala na goti hilo kitanda kimoja, na usiku linaongea kuliko mwenyewe.

Kwa hiyo walijua wote. Mzee akajiona kama mtoto aliyejificha nyuma ya pazia, miguu nje. Lakini shaka haikumwisha, akauliza lililomchoma kuliko goti: wiki ikiisha je?

Binti akasema hilo la spoti litabaki kwa baba yake, yeye atachukua lile la zamani. Mguu wake bado mzima.

Mzee akafikiri sana, akitafuta udanganyifu uko wapi. Hatimaye akatoa mfukoni ufunguo wa gari lake, akauweka kiganjani mwa binti.

"Kesho nakwenda kwa daktari wa mifupa," akasema. "Lakini naendesha mimi."

Akawasha gari.