Koplo Sumari na Amri ya Wembe

Koplo Meshack Sumari alikuwa askari ambaye kila mkuu wa kikosi angependa kuwa naye. Alikuwa na shabaha, hakuwa na maneno mengi, na kwenye mbio za milima aliwaacha wenzake wakihema. Milima ilikuwa kwao. Alizaliwa Akeri, katikati ya migomba na kahawa za baba yake, kwenye miteremko ya Mlima Meru.

Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa usoni. Akinyoa ndevu kwa wembe, nywele zilizokatwa zilijikunja na kurudi ndani ya ngozi kama miiba. Kesho yake shingo na mashavu vilijaa vipele, baadaye vipele vilitunga usaha, na vilipopona viliacha makovu magumu yaliyovimba, mengine makubwa kama punje za mahindi.

Kwa miaka aliponea kwenye huruma ya wakubwa. Mkuu wa kikosi wa zamani hakuwa na tabia ya kuangalia watu videvuni. Meshack alipitisha mashine ya umeme juu juu, akabakiwa na weusi mwembamba, na kazi ikaendelea. Kisha yule mkuu akastaafu, na nafasi yake ikachukuliwa na Luteni Kanali Nanyaro.

Luteni Kanali Nanyaro hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na alikuta utaratibu umelegea. Majani yalikuwa marefu, magari yalikuwa na tope la mwezi uliopita, na askari walikuwa na ndevu za kila mtindo, mpaka wengine walichonga videvu kama wanaenda kupiga picha za harusi. Gwaride la kwanza tu akatoa amri: kila askari wa kiume anyoe kwa wembe kila asubuhi, na asiyenyoa asijitokeze na kisingizio.

Ukaguzi ulikabidhiwa kwa Sajini Meja Mbise. Huyu alikuja na kipande cha pamba. Alikipitisha shavuni mwa kila mtu taratibu, na pamba ikinasa uzi mmoja tu, umepata adhabu. Utafyeka majani au utasugua masufuria ya jikoni mpaka jioni.

Meshack hakutaka kuwa mtu wa visingizio. Alinyoa. Asubuhi ya kwanza pamba ilipita bila kunasa. Wiki haikuisha, shingo yake ikawa imevimba kiasi kwamba mkanda wa kofia ya chuma ulikuwa ukimchubua kila anapogeuza kichwa, na kola ya kombati ikawa na madoa ya damu. Akaendelea kunyoa juu ya vidonda.

Kapteni Magreth, daktari wa kambi, alipomwona alishika kiuno.

"Koplo, nani amekufanyia hivi?"

"Mimi mwenyewe, afande. Kwa wembe."

Akampa dawa na cheti cha kutonyoa mpaka vidonda vikauke. Sajini Meja Mbise alikisoma, akakirudisha. "Sawa. Lakini kikiisha muda wake, wembe unarudi palepale. Jeshi halina ngozi ya mtu mmoja mmoja."

Ikawa hivyo. Akipona ananyoa, akinyoa anaumia, akiumia anarudi kwa daktari. Wenzake, wakiongozwa na Koplo Calvin, wakaanza kumwita Koplo Cheti. Hilo alilivumilia. Kilichomuuma ni siku majina ya wanaokwenda kozi ya ukufunzi yaliposomwa, jina lake halikuwemo, ingawa kila mtu alijua ndilo lililostahili kuwa la kwanza. Alipouliza kwa njia iliyo halali, Sajini Meja alimjibu bila kumzunguka: "Mkufunzi ni mfano, Sumari. Nikupeleke ukawafundishe vijana kwamba amri ina mlango wa nyuma?"

Jioni hiyo alirudi nyumbani Olasiti, akakaa kwenye ngazi ya mlango bila kuvua buti. Mke wake, Nancy, alimletea bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, akakaa pembeni akimtazama anavyotafuna kwa upande mmoja wa mdomo kwa sababu upande wa pili ulikuwa umevimba.

"Baba Esther, kuna kampuni za ulinzi Mererani zinatafuta watu kama wewe. Huko hakuna atakayekupitishia pamba."

"Mimi siyo mlinzi wa geti. Mimi ni askari."

"Najua. Ndiyo maana nimeolewa na wewe na kelele zako za alfajiri." Akamsogezea bakuli karibu. "Lakini huyo mkuu wenu, anataka wembe kwa sababu gani hasa? Urembo?"

"Jeshini hatuulizi sababu."

"Basi omba ruhusa ya kuuliza. Au hata hiyo haipo?"

Ilikuwepo. Hakuwahi kuifikiria tu. Asubuhi akaomba kwa Sajini Meja kuonana na mkuu wa kikosi. Sajini Meja akasema, "Nitakupeleka. Lakini usinipeleke mimi kwenye aibu."

Luteni Kanali Nanyaro alimsikiliza huku amesimama dirishani. Meshack alikuwa mkakamavu, mikono kwenye mshono wa suruali.

"Afande, sijaja kuomba huruma. Nimekuja kujua sababu ya wembe, ili kama kuna njia nyingine ya kuifikia, niifuate."

Mkuu aligeuka. "Sababu? Barakoa ya gesi, Koplo. Ile mpira wake lazima ushike ngozi. Ndevu zinaacha mwanya, na kwenye mwanya gesi inapita. Siku adui akimwaga sumu, mimi ndiye nitakayepeleka mwili wako Akeri. Nimwambie nini mzee wako? Kwamba nilikuonea huruma ya vipele?"

Meshack hakuwa amelitegemea jibu lile. Lilikuwa jibu la mtu anayejali. 

"Nipimwe, afande. Niingie hema la gesi na ndevu zilizopunguzwa kwa mashine. Nikishindwa, sitasema tena."

Mkuu akamtazama Sajini Meja, Sajini Meja akatazama juu. "Sawa," alisema mkuu. "Utapimwa."

Alipimwa, akashindwa.

Alikuwa ameziacha ndevu zikakua kidogo ili ngozi ipone, na siku ya zoezi aliingia nazo hivyohivyo, akijiamini. Hema lilikuwa limejaa moshi wa kutoa machozi. Alivuta pumzi ya kwanza salama. Ya pili ikamkwaruza koo. Baada ya hapo alitoka akikimbia, akaanguka kwenye nyasi, akatapika chai ya asubuhi mbele ya kikosi kizima. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkuu wa kikosi hakucheka. Alisema tu, "Umeona?" akaondoka.

Meshack alikuwa ameahidi kutosema tena. Maneno hayo yalimkaa kifuani kuliko ile gesi. Akanyoa kwa wembe, akavimba, akanyamaza. Lakini alikuwa na swali, na lilikataa kulala. Gesi iliingilia wapi?

Alipopewa cheti tena na ndevu zikaota, akaenda kwa Kapteni Magreth na barakoa mkononi. Akaivaa mbele yake, daktari akachunguza kwa tochi kuzunguka mpira wote. Mashavuni ulishika. Palipokuwa na mwanya ni chini ya taya, ambapo ndevu zake zilikuwa nene na zimejikunja.

"Tatizo siyo kuwa na ndevu," alisema daktari. "Tatizo ni urefu wake mahali hapa. Zikikatwa mpaka kibakie kivuli, sidhani kama mpira utajua tofauti. Lakini kudhani kwangu hakutoshi. Inabidi kupimwa tena."

"Nilimwahidi mkuu sitasema tena, afande."

"Basi chagua, Koplo. Ahadi yako au shingo yako."

Alikwenda kwa mkuu akaanza na hilo hilo. "Afande, niliahidi kunyamaza, na leo navunja ahadi yangu. Niadhibiwe kwa hilo kwanza, ndipo nisikilizwe."

Mkuu alimpa adhabu kweli. Meshack alifyeka majani ya uwanja wa mazoezi jua likiwa utosini, na alipomaliza alirudi mlangoni palepale akiwa na vumbi la majani kwenye nyusi. Luteni Kanali Nanyaro akaweka kalamu chini.

"Wewe ni mbishi kama punda wa Olasiti."

"Ndiyo, afande."

"Hii ni ya mwisho. Ukishindwa, wembe kila siku bila cheti, au unaandika barua ya kuacha kazi. Umekubali?"

"Nimekubali, afande."

Kwa mara ya kwanza aliogopa. Mshahara wa jeshi ndio ulikuwa maisha ya watu watatu, na nje ya jeshi hakujua angekuwa nani. Siku moja kabla ya kupimwa alikwenda Daraja Mbili kwa kinyozi wake, Mika, akamweleza jambo lote. Mika alifungua mashine, akasogeza meno yake mpaka yakawa karibu kabisa bila kugusa ngozi, akaijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe. Kisha akanyoa chini ya taya polepole, akivuta ngozi kwa kidole, huku wateja waliokuwa wakisubiri wakiguna. Alipomaliza hapakuwa na kidonda wala tone la damu. Palikuwa na kivuli tu.

Kesho yake Sajini Meja Mbise naye alivaa barakoa. "Nitaingia na wewe," alisema. "Sitaki mtu aje kuniambia ulijificha kona."

Waliingia. Moshi ulikuwa mzito, hata mlingoti wa katikati ya hema haukuonekana vizuri. Sajini Meja alimwamuru kukimbia mahali pamoja bila kusogea, akakimbia. Akamwamuru kutikisa kichwa kushoto na kulia, juu na chini. Akamwamuru kutaja sehemu za bunduki kwa sauti, moja baada ya nyingine, na Meshack akazitaja zote, sauti yake ikitoka nzito kupitia kwenye chujio. Kila alipovuta pumzi alisubiri ule mkwaruzo wa koo. Haukuja.

Mwisho Sajini Meja akamwashiria avue barakoa, ili ijulikane gesi ilikuwa ya kweli. Meshack akavua. Macho yakawaka moto, kamasi zikamtoka, akatoka nje akilia kama mtoto huku akicheka. Nyuma yake alitoka Sajini Meja, akavua ya kwake kwenye hewa safi, akamgeukia mkuu wa kikosi.

"Imeshika, afande. Imeshika kama ya kwangu."

Jioni ile, askari mmoja alimfuata Meshack getini akitoka kwenda nyumbani, akafungua kola yake kimya kimya. Shingo yake ilikuwa kama ya Meshack. Akaja mwingine. Walikuwa wakinyoa juu ya vidonda na kunyamaza, kwa kuogopa kuitwa Cheti.

Luteni Kanali Nanyaro hakufuta amri yake. Aliiongezea: atakayethibitishwa na daktari atatumia mashine badala ya wembe, na atapimwa hemani kila zoezi la gesi linapofanyika. Akapeleka maelezo ngazi ya juu, na jibu bado halijaja. Kozi ya ukufunzi ya mwaka ule ilishaanza, Meshack akaikosa. Hilo halikurudishwa na mtu.

Lakini zoezi la gesi lililofuata, aliyepewa kukagua barakoa za kikosi mlangoni pa hema alikuwa Koplo Sumari. Alimpitia kila mtu kwa vidole, kuzunguka mpira wote, hasa chini ya taya. Alipofika kwa Koplo Calvin, aliyekuwa amenyoa akang'aa kama yai, akamrudisha nyuma.

"Mimi tena? Si unaona nimenyoa?"

"Nimeona," alisema Meshack, akamshika mkanda wa barakoa uliokuwa umejipinda kisogoni. "Huu umelegea. Kaza, halafu rudi mwisho wa mstari."