Kibati Namba Arobaini na Moja

Ofisa usalama alisafisha koo, akashika karatasi kwa mikono miwili, akaanza kumpaka marehemu matope mbele ya jeneza lake.

"Marehemu alirudi chini ya mgodi bila kugeuza kibati chake," alisoma. "Ubao ulionyesha ametoka, hivyo mwamba ulipoanguka hakuna aliyejua yuko chini. Chanzo cha kifo ni uzembe wake mwenyewe."

Fundi wa pampu, aliyekaa benchi la mbele, alihisi damu ikimchemka. Redio, mzembe? Mtu aliyekagua kofia za wenzake kila asubuhi kama mama anavyokagua masikio ya mtoto kabla ya shule?

Walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Katika kambi ile ya wageni, vyumba kumi na viwili vya mabati vilivyobanana mbali na kwao, yeye ndiye aliyejua habari zote za nyumbani, na asizozijua alizitunga. Ukimpigia mama yako, alikupokonya simu. "Shikamoo mama. Mwanao anakula vizuri, ila kufua hajui." Naye akimpigia mama yake, alizungusha simu kambi nzima, na ole wake aliyejidai amelala. Mama wa fundi alikuwa akimuulizia Redio kwanza, ndipo akumbuke kumuuliza mwanawe kama ni mzima.

Sasa karatasi ile ingesafiri na jeneza jioni hiyohiyo, akasomewe mama yake Redio, mjane asiye na mtoto mwingine, kwamba mwanawe alijitakia.

Fundi aligeuka kuwatazama wenzake. Mpiga baruti alikuwa anakagua kucha zake. Dereva wa winchi kajitia hamnazo. Marehemu anaangushiwa jumba bovu, na wao wanatazama sakafu. Hasira ikahamia kwao, maana wote walijua.

Kila mchimbaji ana kibati chake chenye namba, kinaning'inia ubaoni mlangoni mwa mgodi. Upande mwekundu, uko chini. Ukitoka, unakigeuza upande wa kijani, kwa mkono wako mwenyewe. Ndivyo sheria inavyosema. Lakini maji ya moto bafuni yalitosha watu watano, na foleni ubaoni ilikuwa ndefu, kwa hiyo watu wa kambi walijiwekea utaratibu wao: anayetoka wa kwanza anawageuzia wenzake wote, kisha anatimua mbio kuwashikia bafu. Miaka sita walifanya hivyo, na waliuita undugu.

Jumatatu ile Redio alibaki chini kuzima feni. Mwamba ukamwangukia miguuni. Ubao ulisema wote wametoka, waokoaji wakaenda kula. Walimkuta saa nne zilipokuwa zimepita. Daktari alisema angewahiwa, angepoteza mguu tu.

Siku tatu fundi alikuwa amemkasirikia meneja, ofisa, feni, hata mwamba. Mtu mmoja tu alikuwa amemruka.

Akasimama. "Futa hilo neno."

"Ndugu, hapa tunaaga," ofisa alisema. "Ukiwa na la kusema, njoo ofisini kesho."

"Kesho litakuwa limeshafika kwa mama yake. Redio hakurudi chini, kwa sababu hakutoka. Kibati chake, namba arobaini na moja, nilikigeuza mimi. Niligeuza vibati vitano, nikakimbilia maji ya moto."

Fundi aliligeukia jeneza.

"Yeye anaita huko chini, mimi najipaka sabuni," alisema.

"Kaa chini, utafukuzwa," mpiga baruti alinong'ona.

"Na wewe acha kutazama kucha. Chako pia nilikigeuza siku hiyo. Tofauti yenu ni kwamba wewe ulikuwa nyuma yangu kweli."

Alimfuata ofisa, akaichukua karatasi mikononi mwake. Ofisa alimtazama meneja, meneja akatazama jeneza, na hakuna aliyemzuia. Fundi alikata mstari wa mwisho kwa kalamu, akaigeuza karatasi, akaandika:

"Shikamoo mama. Mwanao hakufanya kosa lolote. Mimi ndiye niliyeonyesha ubaoni kwamba ametoka, naye alikuwa bado chini."

Kisha akaandika jina lake lote. Mama yule alilijua vizuri. Kila Jumapili, simu ilipofika kwake, alikuwa akimwambia, "Mwanangu, nakuomba, muangalie mwenzio."