Piano Iliyoshindaniwa Kama Ngoma

Biashara ya pamba ilipoachiwa watu binafsi, Bariadi ilijaa matajiri wa jana. Mmoja wao, Januarius, aliinunua piano ya misheni masista walipoondoka, akatangaza kwamba ataitoa kwa mpigaji atakayeshinda. Kushinda kwenyewe eti kama ngoma za Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma: wawili wapige kwa wakati mmoja, atakayevuta watu wengi ndiye bingwa. Nilimwona mshenzi, na sijabadili mawazo.

Lakini binti yangu Stephania aliitaka piano ile. Marehemu mama yake alimfundishia kwenye piano hiyo wimbo mmoja wa zamani wa Ulaya, wa taratibu, akimwambia aupige kama anayeongea na mgonjwa.

Siku ikafika. Pale uwanjani Somanda Stephania alikaa kwenye piano. Upande wa pili alisimama Constantine, kijana aliyerudi kutoka Mwanza na kinanda cha umeme na jenereta. Kwa kutukomoa, naye alichagua wimbo uleule. Aliupiga amejifunga kitambaa machoni, akaupiga kwa viwiko, akajilaza chali akaupiga hivyo hivyo. Wimbo ukamwagika kama mahindi kwenye gunia lililotoboka. Watu wakamkimbilia kwa vigelegele, mzee wa kanisa akiwa mbele yao.

Kwetu tulibaki mimi na dada yangu Felisita.

"Ng'wanone, mwanangu, piga hivyo hivyo taratibu," nikamwambia Stephania. "Waache waende."

"Baba, wakienda hao, na piano imekwenda."

Akainuka. Akakipiga teke kiti, akaipa piano mgongo, akaipiga mikono ikiwa nyuma huku akikata kiuno. Watu wakarudi mbio. Felisita akavua khanga yake akamtupia. Constantine akabaki na jenereta lake.

Lori la pamba likatuletea piano hadi nyumbani. Wageni walipotawanyika nikafunga mlango, nikamwomba mwanangu anipigie ule wimbo kama mama yake.

Akakaa, akaanza vizuri. Alipofika mahali ambapo mama yake alikuwa akiishusha sauti hadi sisi tunazuia pumzi, Stephania akarusha kichwa nyuma, akainua mkono juu, akaubwaga kwa kishindo. Kisha akageuka kunitazama, anatabasamu, anasubiri.

Nikapiga makofi, ningefanyaje, ni mwanangu.