Mgeni Aliyerudishwa ili Aagwe

Katika chumba cha uchapaji cha kanisa, Dodoma mjini, kanuni ilikuwa moja na kila mtu aliijua: anayeingiza programu kwenye kompyuta bila ruhusa ya Mama Dorkasi atawasongea wenzake ugali wa uwele kwa mikono yake, uani, mchana kweupe, huku wakimtazama.

Kati ya wachapaji, Nathanaeli ndiye aliyewacheka zaidi waliokwisha kuadhibiwa. Hata hivyo, Alhamisi jioni alikwenda Kizota, kwenye karakana ya rafiki yake Shaban, akaazima disketi yenye programu ya kupamba herufi. Alitaka kijitabu cha nyimbo za jubilei ya usharika wa Mlali kipendeze, kwa kuwa mama yake, Zipora, aliimba katika kwaya hiyo, naye alikwisha kuwatangazia wanawake wote kwamba kitabu kinachapwa na mwanawe.

Herufi zikatoka zimejaa maua, hazisomeki. Kwa aibu Nathanaeli akafuta folda nzima ya ile programu, akamrudishia Shaban disketi yake, akaenda zake nyumbani kana kwamba hakutenda neno.

Asubuhi akafungua programu ya kuandikia. Ikatafuta herufi za maua, haikuziona, ikajifunga. Akaiwasha kompyuta upya, ikajifunga tena. Nyimbo zote zilikuwa ndani, na lori la Mlali lingeondoka adhuhuri!

Akapekua orodha ya programu zilizomo. Lo! Jina la ile aliyoifuta lilikuwapo bado. Akabonyeza mahali pa kuondolea. Kompyuta ikamjibu kwamba faili la kuondolea halipatikani.

“Umeifanya nini mashine yangu?” Mama Dorkasi alikuwa amesimama nyuma yake, miwani mkononi.

Nathanaeli hakudanganya. “Niliingiza programu, mama. Iliponichosha nikaifuta.”

“Ukaifuta! Kwenu Mlali, mgeni mkimchoka mnamtoaje? Mnamchomea mkoba wake akiwa usingizini?”

“La, mama. Anapikiwa, anafungashiwa mzigo wake, anasindikizwa hadi njiani.”

“Basi huyu umemchomea mkoba, nawe unashangaa kwamba haondoki.”

Nathanaeli akaruka kitini. Mkoba! Faili la kuondolea lilikuwa ndani ya folda ile ile aliyoifuta!

“Mama, nimrudishe! Akirudi, atarudi na mzigo wake, kisha nimuage ipasavyo!”

“Sasa unanitazama nini? Kimbia!”

Alikanyaga baiskeli hadi Kizota, shati likipepea. Shaban alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yake, ile disketi imo, tayari kuifuta aitumie kwa kazi nyingine.

“Bwana Shaban, usiifute!”

“Nilikuwa na kidole juu ya kitufe,” Shaban akacheka. “Kuna nini, ndugu yangu? Mama Dorkasi amekukamata?” Aliposikia habari yote akafunga karakana. “Nakuja nawe. Ugali wa mkono wako siukosi hata kidogo!”

Shaban akamwamkia Mama Dorkasi shikamoo, akaitikiwa marahaba, na disketi ikaingizwa. Programu ikajipanga upya, polepole, huku watatu hao wakipumua kwa pamoja. Nathanaeli akarudi kwenye orodha, akabonyeza. Safari hii kompyuta ikakubali! Mstari ukaanza kujaa kwenye kioo, kisha ukasimama. Swali likatokea: faili hili hutumiwa na programu nyingine pia, liondolewe?

Nje, lori likapiga honi. Kidole cha Nathanaeli kikaelekea kwenye ndiyo.

“Weee!” Mama Dorkasi akamshika mkono. “Mgeni anaondoka na chake. Chungu cha mwenyeji kinabaki!”

Akajibu hapana. Mstari ukajaa, jina likatoweka kwenye orodha. Wakaiwasha kompyuta upya, wakafungua programu ya kuandikia, na nyimbo za Mlali zikajitokeza zote, kwa herufi nyeusi, nyofu, zinazosomeka. Shaban akapiga makofi. Mama Dorkasi akatoka akamsihi dereva asubiri, na printa ikaanza kunguruma. Vijitabu vilipandishwa kwenye lori vikiwa bado na joto.

Nathanaeli hakungoja kukumbushwa. Akakunja mikono ya shati, akabandika sufuria uani, akachukua mwiko.

“Songa, bwana, mbona unaubembeleza?” Shaban akapaza sauti.

Ugali uliiva na madonge. Mama Dorkasi akamega tonge, akalichovya kwenye mlenda, akatafuna bila kukunja uso mpaka akameza.

“Ni mbaya,” akasema. “Lakini adhabu imelipwa.”

Akamega tena.